UZI: Kompresheni ya injini, ya zege, ya faili, ya muziki na ya kifua. Nini hasa kinabanwa na nini kinapotea?

Wakuu salaam.

Nimeona mara nyingi watu wanabishana mpaka wanavunjiana heshima kumbe kila mmoja anaongelea kompresheni yake, mmoja ni fundi magari, mwingine mtu wa studio, wa tatu kaja na habari za kuzipu mafaili, na wote wako sahihi ila hawasikilizani. Nimeamua nishushe uzi mmoja tulimalize hili. Sitaenda kidarasa, ntaandika kadri inavyokuja na maswali ntayajibu hapa hapa, wenye fani zao mnakaribishwa kuongezea.

Msimamo wangu ni huu: kusema kitu "kimebanwa" peke yake hakutoshi. Uliza nini kimetoka wakati wa kubana, halafu uliza ukiachia kinarudi au hakirudi. Kuna sehemu kinachotoka ni nafasi tupu tu, ukiachia kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kuna sehemu kinachotoka ni kitu chenyewe na hakirudi milele. Watu wanaumia, majengo yanapasuka na nyaraka zinaharibika kwa sababu ya kuchanganya hizi mbili, kwa hiyo sio suala la maneno tu.

Naanza na injini maana ndo wengi wanaijua.

Kwenye injini kinachobanwa ni hewa, au hewa iliyochanganyika na petroli. Pistoni inapanda, vavu zote zimefunga, hewa iliyojaa silinda nzima inasukumwa kwenye kachumba kadogo pale juu. Petroli za kawaida zinabana kama mara 8 hadi 12, dizeli zinaanzia kama 14 mpaka kupita 20. Tofauti yao kubwa iko hapo hapo. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto kwa sababu hewa ikibanwa kiasi hicho inapata joto la kupita nyuzi 500 yenyewe, nozo ikipuliza mafuta humo yanawaka bila cheche. Rudolf Diesel ndo alilisimamia wazo hilo mpaka injini yake ikafanya kazi vizuri mwaka 1897. Sasa mtu anauliza, kwa nini petroli nayo isibanwe mara 20 ipate nguvu zaidi? Kwa sababu petroli inakuwa imeshaingia pamoja na hewa, ukizidisha mbano mchanganyiko unawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga na pistoni zinaharibika.

Fundi akikwambia "kompresheni imeisha" maana yake hewa inavuja njiani kabla haijafika kwenye ule mbano. Na pa kuvujia ni pachache: ringi, vavu, au gasketi ya silinda hedi. Kipimo chake sio cha kubahatisha. Injini inapashwa moto kwanza, unakata mafuta na umeme wa plagi, unatoa plagi zote, unafunga geji kwenye tundu la plagi ya silinda moja, mtu anakanyaga mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie kwa wingi, stata inazungushwa mpaka mshale wa geji uache kupanda. Unaandika namba, unahamia silinda nyingine. Ukikuta moja iko chini kuliko wenzake, mimina oili kidogo kama kijiko kupitia lile tundu upime tena. Mshale ukipanda vizuri, ringi ndo zimechoka, ile oili imeziba pengo kwa muda. Ukibaki pale pale, angalia vavu au gasketi. Na ukikuta silinda mbili zilizopakana zote ziko chini, gasketi imeungua katikati yao mara nyingi. Mimi naamini hakuna sababu ya injini kufunguliwa kabla geji haijaingia, dakika chache tu za kupima zinakuonyesha pa kuanzia.

---

Mkuu uliyeuliza kwa nini injini ikinywa maji inakufa papo hapo, umeuliza swali zuri sana na linaingia kwenye mada moja kwa moja.

Hewa ina nafasi kubwa kati ya chembe na chembe, ndo maana inabanika. Maji chembe zake zimeshakaribiana, hakuna nafasi ya kupunguza. Pistoni inapanda ikitegemea kukuta hewa, inakuta maji yamejaa kile kachumba, pistoni haina pa kwenda ila nguvu ya kuzunguka bado ipo, kitu dhaifu ndo kinakunjika, na mara nyingi ni konrodi (kile chuma kinachounganisha pistoni na shafti inayozunguka). Gari likizima ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena, kila ukipiga stata unajaribu kubana kisichobanika.

Ila sio kweli kwamba maji hayabaniki kabisa kama wengi tulivyofundishwa. Kwenye vilindi vya Mariana katika bahari ya Pasifiki, kina cha karibu kilomita 11, mgandamizo ni zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa tunayovuta hapa juu, na maji ya kule yamebanwa kwa kama asilimia 5 tu. Mgandamizo mara elfu na bado ni asilimia 5! Ukilinganisha na gesi, Robert Boyle alishaonyesha mwaka 1662 kwamba ukiongeza mgandamizo mara mbili, ujazo unabaki nusu, joto likiwa halijabadilika.

Kwenye friji ni jambo lile lile. Kompresa inabana gesi, gesi inapanda joto, inapita kwenye yale mabomba ya nyuma inaachia joto na kugeuka kimiminika, halafu inapitishwa kwenye njia nyembamba inapanuka na kuwa baridi kali, huko ndani inafyonza joto la vitu vyako. Kwa hiyo friji haitengenezi baridi, inahamisha joto, na kubana ndo kunalifanya joto likubali kutoka. Na kompresa ikirudishiwa kimiminika badala ya gesi inapasuka vavu, sababu ni ile ile ya injini na maji.

---

Sasa zege, na hapa naomba mnivumilie maana napapenda.

Zege ukilibana linavumilia sana, ukilivuta linakatika mapema, uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa kubanwa. Ndo maana kuna nondo. Boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili ikibeba mzigo inapinda kidogo, upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa, basi nondo kuu zinakaa chini. Kibaraza kinachoning'inia ni kinyume chake, juu ndo kunavutwa, nondo kuu zinatakiwa juu. Mtu akizoea boriti za kawaida akaziweka chini kwenye kibaraza, au akaziweka juu lakini vijana wakazikanyaga zikashuka wakati wa kumwaga, kile kibaraza kinasimama kwa bahati tu. Hilo kosa huwezi kuliona ukishapiga lipu.

Kile kipimo cha zege mnachokiona kwenye michoro, mfano C25/30, maana yake ni nguvu ya kubanwa: 25 ni ya kipande cha mviringo, 30 ni ya mche wa sentimita 15 kila upande, kwa N/mm² (nyutoni kwa kila milimita ya mraba), baada ya siku 28. Namba mbili kwa zege moja kwa sababu mche ni mfupi na sahani za mashine zinaushika juu na chini usitanuke, unaonekana mgumu zaidi kuliko kipande kirefu. Kwa hiyo mkandarasi na mkaguzi wakibishana kuhusu namba, kwanza waulizwe wamevunja umbo gani.

Na kabla ya hapo kuna kushindilia. Zege likimwagwa lina hewa ndani, vaibreta inaingizwa ili hewa itoke. Asilimia 5 tu ya matundu ya hewa inaweza kukuondolea kama asilimia 30 ya nguvu. Yani umenunua saruji yote, umepima kokoto vizuri, halafu umeacha hewa ikule karibu theluthi ya jengo lako. Rudini kwenye swali langu la mwanzo, hapa kinachotoka ni hewa na hatutaki irudi.

Kwenye udongo kuna aina mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni ile ya kushindilia kwa roli, hewa inatoka, inamalizika siku hiyo hiyo. Ya pili ni mzigo wa jengo kukaa juu ya udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, maji yanakamuliwa taratibu sana kwa sababu matundu ya mfinyanzi ni madogo mno, udongo unaendelea kushuka miaka na miaka. Karl Terzaghi ndo aliiwekea hesabu hiyo mwaka 1925. Mnara wa Pisa ni mfano unaojulikana zaidi, walianza kuujenga mwaka 1173, ukaanza kuinama ukiwa bado na ghorofa chache, kazi ikasimama karibu miaka 100. Wataalamu wanasema kule kusimama ndo kuliuokoa, maana mfinyanzi wa chini ulipata muda wa kukamua maji na kukaza, wangeendelea mfululizo ungeanguka. Na walipokuja kuunyoosha kidogo miaka ya 1990 hawakuuvuta, walichimba udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini ule usiozama, mnara wenyewe ukarudi nyuma, ukafunguliwa tena kwa wageni mwaka 2001.

Dada uliyeuliza kuhusu nguzo ndefu nyembamba: hapana, haivunjiki kwa kupondwa, inapinda pembeni kabla haijapondwa. Leonhard Euler aliliandika hilo karne ya 18. Ukiirefusha nguzo ile ile mara mbili, mzigo inaoweza kubeba kabla ya kupinda unabaki robo, sio nusu. Kwa hiyo usiongeze urefu wa nguzo kwa kukadiria.

---

Haya, watu wa kompyuta mlikuwa mnanisubiri.

Kubana faili bila kupoteza kitu kunawezekana kwa sababu mafaili yetu yamejaa marudio. Maandishi yana herufi zinazotumika sana na zinazotumika kwa nadra, David Huffman mwaka 1952 akaonyesha jinsi ya kuzipa zinazorudi sana alama fupi na za nadra alama ndefu. Lempel na Ziv mwaka 1977 wakaja na njia ya kusema "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili kadhaa" badala ya kuandika kitu kile kile tena. Ukiunganisha hizo mbili ndo umepata moyo wa ZIP. Na mpaka wake aliuweka Claude Shannon mwaka 1948: ukishaondoa marudio yote, kilichobaki ni habari tupu, huwezi kupunguza tena bila kupoteza.

Kuna watu wanauza programu za "kubana faili lolote mpaka kidogo kabisa". Haiwezekani, na uthibitisho ni hesabu ya kuhesabu vidole. Chukua mafaili yenye biti 3 (biti ni sifuri au moja), yako 8 tu. Mafaili mafupi zaidi ya hapo ni ya biti 2 ambayo yako 4, ya biti 1 ambayo yako 2, na tupu 1, jumla 7. Mafaili 8 hayawezi kupata majina mafupi 8 tofauti wakati yapo 7, lazima mawili yagongane, na yakigongana hujui ulikuwa na lipi. Hesabu ni ile ile ukiwa na biti milioni. Ndo maana ukizipu video au picha ya JPEG haipungui chochote cha maana, marudio yake yameshaondolewa tayari.

JPEG yenyewe, ya mwaka 1992, ni kundi lile la pili, la kisichorudi. Inakata picha vipande vya piksel 8 kwa 8, inapunguza undani wa rangi kwa sababu jicho linajali mwanga kuliko rangi, na vile vimistari vidogo sana inavitupa. Kwa picha ya harusi ni sawa kabisa. Tatizo ni kuifungua, kuihariri na kuihifadhi tena na tena, kila mara inatupa kidogo, na apu za ujumbe nazo zinabana upya kila picha inapotumwa kama picha. Cheti au mkataba tuma kama faili, usitume kama picha.

Kisa ambacho nataka kila anayeskani nyaraka akijue ni cha mwaka 2013. Mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua mashine za Xerox WorkCentre zinabadilisha namba kwenye karatasi zilizoskaniwa. Sio kufifisha, kubadilisha! Ramani ya jengo ilikuwa na vyumba vya mita za mraba 14.13, 17.42 na 21.11, skani ikatoka vyote vimeandikwa 14.13. Sababu ni aina ya kompresheni inayoitwa JBIG2: mashine inatafuta vipande vya picha vinavyofanana, inahifadhi kimoja na kukibandika kila mahali. Ikidhani 6 na 8 ni kitu kimoja, inabandika. Na matokeo ni namba safi, iliyonyooka, isiyo na ukungu wowote wa kukushtua. Picha iliyobanwa vibaya kwa JPEG inakuonyesha yenyewe kwamba imeharibika, hii haikuonyeshi. Kampuni ilitoa marekebisho baadaye, lakini karatasi zilizoskaniwa na za asili kuchomwa, hizo zimeshaondoka na ukweli wake. Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko picha mia zenye ukungu.

---

Muziki nao una kompresheni mbili tofauti kabisa na hapa ndo prodyuza na mtu wa IT hawaelewani hata kidogo.

Moja ni ya faili. CD inabeba kama kilobiti 1,411 kwa sekunde, MP3 ya kilobiti 128 inabaki na kama sehemu moja ya kumi na moja. Inachotupa ni sauti ambazo sikio lisingezisikia kwa sababu sauti kubwa ya jirani imezifunika.

Nyingine ni kompresa ya studio, hiyo haipunguzi saizi ya faili hata baiti moja. Inapunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Mfano umeweka treshodi (kiwango ambacho sauti ikikipita ndo inaanza kubanwa) desibeli -20 na reshio (kiasi cha kubana) 4 kwa 1, mwimbaji akapiga kelele mpaka -12. Amezidi kwa 8, kompresa inaruhusu robo yake yani 2, inatoka -18. Halafu unapandisha wimbo wote juu. Neno la chini linasikika, la juu halikutoboi sikio. Ikitumika kwa kiasi vokali inakaa mbele vizuri, ikizidishwa kila kitu kinakuwa na ukubwa mmoja na ngoma inakosa pigo. Studio zilishindana kupandisha sauti hivyo kwa miaka mingi mpaka mashirika ya utangazaji ya Ulaya mwaka 2010 yakaweka kiwango cha kupima ukubwa wa sauti kwa wastani, ukizidisha unashushwa tu, faida ikapungua. Ukibana mpaka mawimbi yakakatwa vichwa, hakuna kitufe cha kuvirudisha.

---

Mwili wa binadamu. Hili liandikeni pembeni.

Mtu mzima akianguka, haitikii, na hapumui kawaida, ita msaada na anza kukandamiza kifua. Katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wengi wanakumbuka kukandamiza wanasahau kuachia. Kifua lazima kirudi juu kabisa kabla ya kukandamiza tena, maana ni wakati kinarudi ndo moyo unajaa damu, ukiegemea kifuani bila kuachia unasukuma moyo mtupu. Njia hii ilitangazwa rasmi mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, kabla ya hapo madaktari walikuwa wanapasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono.

Soksi za kubana ni nyingine, zinabana zaidi kwenye kifundo na kulegea zikipanda, damu inasaidiwa kurudi juu. Ila mwenye mishipa ya damu ya miguu iliyoziba asivae bila daktari, unambana aliyekwisha kukosa damu.

Na wapiga mbizi shida yao ni upande wa pili, kuachia mbano haraka. Chini ya maji naitrojeni inaingia kwenye damu kwa wingi, mtu akipanda ghafla inatoka kama mapovu ndani ya mishipa na viungo. John Scott Haldane mwaka 1908 akatoa jedwali za kupanda kwa hatua. Kwa hiyo hata pale ambapo kila kitu kinarudi, kasi ya kurudi nayo inaweza kuua.

---

Mkuu wa mambo ya ajira uliyeuliza kama kuna kompresheni ya mishahara, ipo kweli: mfanyakazi mpya analetwa kwa mshahara wa soko la leo, wa zamani anaongezwa kidogo kidogo, pengo kati yao linabanwa mpaka linapotea. Kinachotoka hapo ni thamani ya uzoefu, na kawaida mwenye uzoefu anatoka nao mlangoni.

Na wa mwisho uliyeuliza kuhusu kuzipu na kuweka enkripsheni (kulifunga faili kwa siri lisisomeke bila ufunguo) kianze kipi: zipu kwanza. Enkripsheni nzuri inaficha marudio yote, faili linaonekana kama vurugu tupu, ukizipu baada ya hapo halipungui. Ila kama ni mfumo ambao mtu wa nje anaweza kuchomeka maneno yake humo na kuona saizi inayotoka, zima kompresheni kabisa, maana maneno yake yakifanana na siri yako faili linapungua kidogo, na kwa kuangalia saizi peke yake anaikisia siri herufi kwa herufi. Shambulio la CRIME la mwaka 2012 lilifanya hivyo hivyo kwenye tovuti, na ndo maana kompresheni ya TLS (ule ulinzi unaoficha mawasiliano yako na tovuti) ilizimwa kwenye vivinjari.